Nilivyosawazisha sauti ya nyimbo zangu zote

Nyimbo nilizonazo kwenye kompyuta zimetoka kila upande: nyingine nilizinakili kutoka CD za miaka ya 1980, nyingine nimezinunua mtandaoni juzijuzi. Nikizipiga kwa kuchanganya, mkono haubanduki kwenye sauti. Huu unanong'ona, unaofuata unanifanya nivue hedifoni.

Sikutaka kuzipandisha zote zifike kilele kimoja. Kilele ni pigo moja la ngoma tu, ilhali sikio hufuata nguvu ya wimbo kwa jumla. Nikachagua ReplayGain, mfumo uliopendekezwa na David Robinson mwaka 2001. Programu hupima wimbo mzima, kisha huandika kwenye tagi za faili (maelezo yanayoambatana na wimbo) desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, za kuongeza au kupunguza wakati wa kupiga. Muziki wenyewe hauguswi. Kazi hiyo niliifanya kwa foobar2000, programu ya kupiga muziki kwenye kompyuta. Redio ya gari haisomi tagi hizo, kwa hiyo nakala za huko nilizipitisha kwenye MP3Gain, programu inayobadilisha sauti ya faili yenyewe ya MP3 kwa hatua za desibeli 1.5 bila kuisimba upya.

Hapo sasa ndipo penye uamuzi wenyewe: kupima kwa wimbo au kwa albamu? Nina albamu moja ambayo katikati yake kuna wimbo wa gitaa na mwimbaji peke yao, halafu bendi nzima inaingia kwa kishindo kwenye wimbo unaofuata. Nilipoisikiliza albamu hiyo kwa kipimo cha wimbo, ambapo kila wimbo husawazishwa peke yake, gitaa lilipanda hadi nikasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi, na bendi ikaja kinyonge. Kile kishindo, ambacho watu walikipanga studio kwa makusudi, kilikuwa kimepotea! Kipimo cha albamu huzipa nyimbo zake zote desibeli zilezile za kuongeza au kupunguza, tofauti zao zikabaki kama zilivyorekodiwa. Kwangu mimi albamu isikilizwe hivyo, basi. Kipimo cha wimbo nakiachia wakati wa kuchanganya, na foobar2000 inaweza kubadili yenyewe kulingana na mpangilio wa kupiga.

Pia niliwasha kinga ya kilele, maana wimbo wa zamani wenye mapigo makali ukipandishwa sana huanza kukwaruza. Na faili mpya ambazo bado hazijapimwa nimeziwekea punguzo la desibeli 8 kwenye mipangilio, zisije zikanirukia masikioni kabla sijazifikia.