Daraja Lililongoja Baridi ya Usiku

Kwa sisi tuliopata riziki yetu katika karakana za vyuma za Mbaraki, Mombasa, jambo la kwanza ambalo fundi mkuu humfundisha kijana ni kwamba chuma hakitulii: kipimo ulichokichukua alfajiri, ukikirudia saa saba mchana jua likiwa utosini, utakikuta kimeongezeka. Ndiyo sababu, katika historia yote ya daraja la Maporomoko ya Victoria, lililo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, nimelishika zaidi tukio la usiku mmoja wa mwaka 1905.

Daraja hilo, lililobuniwa na George Andrew Hobson, lilikatwa na kutobolewa vipande vipande kule Darlington, Uingereza, kisha likasafirishwa kwa meli hadi bandari ya Beira, Msumbiji, na kwa reli hadi kwenye korongo la mto Zambezi. Kwa kuwa haikuwezekana kusimamisha nguzo mtoni, tao lake lenye urefu wa mita 156 lilijengwa kutoka kingo zote mbili, kila nusu ikining'inia hewani na kushikiliwa kwa kamba za chuma zilizofungwa nyuma yake. Mwisho wa mwezi wa Machi nusu hizo zilipokutana, zilikuwa zimepishana kwa takriban sentimita 3, kwa sababu joto la mchana lilikuwa limezirefusha. Mafundi hawakukata kitu. Walingoja, na alfajiri ya tarehe 1 Aprili, baada ya usiku wa baridi, vipande vikaingiana. Kila ninapolikumbuka jambo hilo, nawavulia kofia wale waliokuwa na subira ya kutogusa msumeno.

Lilifunguliwa rasmi tarehe 12 Septemba 1905 na Profesa George Darwin, mwana wa Charles Darwin. Cecil Rhodes, tajiri na mwanasiasa wa ukoloni wa Kiingereza aliyetaka treni ipite mahali ambapo manyunyu ya maporomoko yangeifikia, alikuwa amefariki mwaka 1902. Baadaye sakafu ya daraja ilipanuliwa ili magari nayo yapite.

Nilifika huko mwaka 2018, na nilikaa muda mrefu kwenye njia ya waendao kwa miguu nikiziangalia ribiti, yaani pini nene za chuma zinazounganisha mabamba, maana hakuna mahali palipochomelewa katika kazi ile ya mwanzo. Ribiti ilipashwa moto hadi ikawa nyekundu, ikatiwa tunduni, ikagongwa kichwa upande wa pili, na ilipopoa ikajifupisha na kuyabana mabamba kwa nguvu ambayo mkono wa binadamu hauna; yaani tabia ileile ya chuma iliyowasumbua mafundi mchana ndiyo iliyolifunga daraja lao. Nilipitisha kidole kwenye kichwa kimoja, rangi ikiwa imepakwa tabaka juu ya tabaka hata kimekuwa laini kama kokoto ya pwani, na kilikuwa kimelowa manyunyu. Kisha lori la mizigo likapita, nikausikia mtikisiko wake kwenye kiganja changu, mwepesi, ukaja na kuondoka.