"Huyo mama anakaa wapi?"

Nimetoka Kibirizi sasa hivi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Nguo bado zinanuka dagaa.

Wiki mbili hizi nimekuwa naandika hadithi fupi. Anayesimulia ni mama mjane, mwanika dagaa. Mimi ni kijana, sijaoa wala sijafiwa, kwa hiyo nilikuwa na hofu kweli.

Leo mchana nikaenda kuwasomea wanika dagaa wenyewe, pale pale mwaloni. Walinisikiliza huku wakigeuza dagaa.

Nikafika hapa:

"Usiku wa mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani, na ndio usiku nisiolala. Nimezoea kuhesabu taa zao za karabai mpaka usingizi unichukue. Zisipokuwepo, nihesabu nini?"

Mama mmoja akaacha kugeuza.

Kiganja kimejaa dagaa, magamba yanametameta mpaka kwenye kiwiko. Hakuwaweka chini.

"Huyo mama anakaa wapi? Mbona hatumjui?"

Nikasema, nimemtunga, mama.

Akakataa katakata. "Habari ya kuhesabu taa haitungwi, mwanangu. Hiyo umeambiwa na mtu."

Nilishindwa kuendelea kusoma. Koo lilikaba.

Mwenzake akanisahihisha: siku hizi wengi wanavua kwa taa za sola, karabai ni mambo ya zamani. Kweli kabisa, na mimi nimezaliwa hapa hapa Kigoma!

Sasa nimekaa na kalamu. Nimpe taa za sola, au nimwache na karabai zake, awe mama wa enzi zile?

Ndugu zangu, hasa mliokulia ziwani, mnasemaje?