Land Cruiser yangu ya 1HZ ilivyorudi kupanda Hamsini na Saba

Gia ya pili ilichomoka nikiwa kwenye kona, nashuka kutoka Matamba kwenda Chimala, nyuma nina magunia 12 ya viazi, yale ya lumbesa yaliyojazwa kupita kiasi. Anayeijua barabara ile ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa wingi wa kona zake, ataelewa nilichosikia tumboni. Mteremko ule hushukwi kwa breki peke yake. Gari linashikwa na injini, mguu wa breki unasaidia tu. Sasa injini ikaachia, gari likaanza kukimbia lenyewe, na breki zilikuwa zimeshapata moto tangu juu. Nikakanyaga, nikavuta breki ya mkono, nikaliegemeza ukutani mwa mlima. Utingo wangu alisharuka na jiwe mkononi, akalisukumia chini ya tairi la nyuma. Tulikaa pale hadi harufu ya breki ilipoisha, hakuna aliyesema neno.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, pikapu ya mkonga, ya mwaka 1996. Injini ni 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na turbo, yaani haina feni ya kuisukumia hewa ya ziada. Likiwa jipya lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 130 hivi. Kazi yake ni moja, kupandisha mbolea na kushusha viazi. Siku ile lilikuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. La giaboksi nilikuwa silijui. La kukosa nguvu nilikuwa nalijua, ila nilikuwa nimelitibu vibaya.

Miezi michache kabla ya hapo, gari lilikuwa halivuti. Mlima niliokuwa nikiupanda kwa gia ya pili nikawa naupanda kwa ya kwanza, nasimama mara mbili njiani kulipoza. Nikalipeleka gereji moja mjini. Kijana akafungua boneti, akashika bisibisi, akaongeza dizeli kwenye skrubu ya pampu, basi. Tukajaribu kwenye lami, likachangamka kweli. Nikalipa, nikaondoka na furaha.

Furaha iliishia mlimani. Moshi mweusi ulijaa nyuma hadi waendesha bodaboda wakawa wananikwepa, na geji ya joto ikapanda kuliko mwanzo. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungulia. Ukifika uwanda wa Kitulo, mita 2600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu robo ukilinganisha na ya pwani. Injini isiyo na turbo inavuta kile kilichopo, haina njia nyingine. Kuimiminia dizeli zaidi kule juu ni kuiongezea joto na moshi, na joto hilo linaishia kwenye pistoni na silinda hedi.

Baada ya hapo ushauri uliokuja kutoka kila upande ulikuwa turbo. Nilikaribia kukubali. Aliyenizuia ni mzee mmoja, fundi wa pampu na nozeli pale Mwanjelwa, Mbeya, niliyeenda kumwomba arudishe ile skrubu. Nilimwamkia, nikamweleza habari zote, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hiyo nguvu unayotaka kuinunua ulishakuwa nayo. Tuitafute kwanza ilikopotelea." Akanieleza kwamba 1HZ inabana hewa kwa kiwango cha 22.4 kwa 1, wakati ndugu yake 1HD-T, aliyetoka kiwandani na turbo, anabana 18.6 kwa 1. Ukiipachikia 1HZ turbo bila geji ya joto la ekzosi na bila mtu anayejua kupima pampu, unaibebesha mzigo juu ya mzigo. Wapo waliofunga na zinatembea vizuri, sibishi. Lakini injini yangu ilikuwa na kilomita zaidi ya 400,000 na hakuna aliyekuwa ameipima.

Tulianza na hewa. Filta ilikuwa imeshiba vumbi, hilo nilitegemea. Nisilotegemea ni mpira unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini. Kwa chini, mahali jicho halifiki, ulikuwa umepasuka. Mzee akapitisha kitambaa cheupe ndani yake, kikatoka chekundu. Yaani vumbi la barabara lilikuwa linaingia kwenye silinda bila kupita kwenye filta, na vumbi hilo ndilo linalosaga ringi. Niliumia sana kukiona kile kitambaa. Mpira ule ni spea ya bei ndogo kabisa.

Kwenye mafuta, alifunga kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, pale dizeli inapoingia kwenye pampu. Gari likiunguruma, vipovu vikawa vinapita kama kwenye glasi ya soda. Klipu ya mpira kule kwenye tangi ilikuwa imelegea, pampu inavuta hewa pamoja na dizeli. Tukabadilisha mpira na klipu, vipovu vikaisha.

Nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye injini, alizipima moja moja kwenye mashine, nami nikiwa nimesimama pembeni. Nozeli nzima inapuliza ukungu mwembamba na kutoa mlio mkavu. Kati ya zangu sita, nne zilikuwa zinakojoa: dizeli inatoka kama mstari, mwishoni linaning'inia tone. Hapo ndipo moshi ulipokuwa unatoka na nguvu inapotelea. Tukaweka ncha mpya zote sita, akazipima upya zifunguke kwa presha moja. Pampu aliishusha, akaikalibreti kwenye benchi, skrubu ikarudi kwenye kipimo chake, na wakati wa kuirudisha akaseti taimingi, yaani wakati wa kupuliza dizeli, kwa geji ya mshale, si kwa sikio. Mkanda wa taimingi tulibadilisha hapohapo. Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000 na mimi sikuwa na kumbukumbu yoyote ya mara ya mwisho.

Jambo la mwisho ni valvu. Tulipima mgandamizo: silinda tano zilikuwa kati ya kilo 31 na 33 kwa sentimita ya mraba, ya sita ilikuwa 26. Nikajua tayari nimekwenda na maji, injini inashushwa. Mzee akaingiza kwanza fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi. Valvu za ekzosi za 1HZ zinatakiwa ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.45 injini ikiwa baridi. Ile ya silinda ya sita hata 0.20 haikupita, maana yake ilikuwa haifungi sawasawa. Akabadilisha shimu, kile kisahani kinachoweka nafasi ya valvu, tukapima tena, ikasoma 30. Sijawahi kushukuru namba kama siku ile.

Giaboksi niliipeleka kwa fundi mwingine, na hapa naomba wenye HZJ75 wenzangu wasome polepole, kwa sababu ugonjwa huu unajificha.

Kwa miaka miwili nilikuwa nikiwauliza mafundi wa sevisi, "Oili ya giaboksi ipo?" Wanaingia chini, wanafungua nati, wanasema imejaa, tena inamwagika. Kumbe nati waliyokuwa wanaifungua ni ya transfa, lile boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Fundi huyu alilaza gari usiku kucha mahali pa tambarare, asubuhi akafungua nati mbili za kujazia, ya giaboksi na ya transfa. Ya transfa ikamwaga oili mfululizo. Ya giaboksi, aliingiza kidole chote, kikatoka kikavu.

Kati ya giaboksi na transfa kuna sili. Ikichoka, oili inahama kutoka giaboksi na kujaa kwenye transfa. Chini ya gari hakuna tone hata moja, huwezi kushuku kitu. Giaboksi yangu, aina ya H55F, inachukua lita 4.9, na transfa lita 2.1. Tulipomwaga kwenye makopo ya kupimia, transfa ilitoa lita tatu na nusu. Giaboksi haikufika tatu na nusu. Gia ya tano, ambayo imekaa nyuma kabisa na hata kwa kawaida haipati oili kwa urahisi, ilikuwa inavuma kwa muda mrefu. Mimi nilidhani ni matairi.

Alipitisha sumaku kwenye beseni la oili. Ikatoka na unga mweusi wa chuma, laini kama masizi, na nyuma zikabaki chembe za rangi ya dhahabu zinazomeremeta. Chembe zile ni shaba ya singkronaiza, ringi zinazosaidia gia kuingia bila kugongana, na sumaku haizishiki. Tulipofungua tukakuta beringi zimelegea kiasi kwamba shafti ilikuwa inacheza mbele na nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaitupa gia ya pili nje mtelemko ukisukuma.

Tukaweka beringi zote, singkronaiza za gia ya pili na ya tatu, gia ya tano na sili mpya. Kipumulio kilikuwa kimezibwa na tope gumu. Kikiziba, giaboksi ikipata moto presha inakosa pa kutokea na kusukuma oili kwenye sili, kwa hiyo kukizibua ni sehemu ya matibabu. Oili niliyoweka ni 75W-90 ya daraja la GL-4, inayoelewana na shaba. Giaboksi ikiwa chini tulibadilisha pia klachi na kulipeleka flaiwili kuchongwa.

Gharama ya kila kitu, injini na giaboksi, ilikuwa chini ya bei niliyotajiwa ya turbo peke yake. Sasa napanda kwa gia ya pili, kwenye kona kali tu ndiyo narudi ya kwanza, na sisimami njiani kupoza. Moshi upo kidogo ninapokaribia juu, mzee alishaniambia utakuwepo. Mzigo nao nimeupunguza: lumbesa moja inafika kilo 120, na 12 ni karibu tani moja na nusu. Sasa napakia nane. Wenye viazi walinung'unika mwanzoni.

Kila mwisho wa mwezi gari linalala tambarare, asubuhi naingia chini mwenyewe na spana, nafungua nati zote mbili. Jumamosi iliyopita oili ilikuwa usawa wa mdomo, huku na huku.