Mabango Yalichapwa Lini?

Nilipokuwa mwanafunzi Coventry, Uingereza, Jumapili nilikuwa nikienda kula kwa mjomba. Jumapili moja ya baridi kali, sahani zimeshaondolewa, akatia kwenye deki The Prisoner, tamthilia ya Uingereza ya 1967. Mimi nilikuwa na usingizi, na puto kubwa jeupe lililokuwa likiwakimbiza watu ufukweni lilinichekesha.

Jasusi anaacha kazi, anapuliziwa dawa ya usingizi nyumbani kwake, anazinduka Kijijini. Jina hana tena, yeye sasa ni Namba Sita. Na Kijiji chenyewe kinapendeza! Bustani, bendi ya matarumbeta, miavuli ya rangi. Walikirekodi Portmeirion, kule Wales. Wanachotaka kwake waliomteka ni taarifa tu: kwa nini aliacha kazi?

"Mjomba, gereza gani hili halina hata ukuta?"

"Tazama kwanza, mwanangu."

Kipindi tulichotazama siku hiyo kilihusu uchaguzi. Namba Sita anaombwa agombee cheo cha Namba Mbili, yaani msimamizi wa Kijiji. Anakubali tu, na papo hapo umati unainua mabango yenye picha yake. Mjomba akasimamisha picha.

"Mabango hayo yalichapwa lini?"

Sikuwa na jibu. Mjomba alikuwa amepiga kura mara nyingi kwao kabla hajahama, enzi ambazo karatasi ya urais ilikuwa na jina moja, ndiyo au hapana. Alicheka peke yake, kicheko ambacho sikukielewa vizuri.

Namba Sita anashinda. Anakamata kipaza sauti na kuwatangazia watu kwamba wako huru, waondoke. Hakuna anayejali. Mimi nikakasirika, nikasema hawa wajinga. Mjomba alinikatalia: wanakula, wanalala pazuri, bendi inawapigia, waende wapi? Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Siku hizi kila nikibonyeza "nakubali" kwenye simu bila kusoma, ili nipate ofa ya bando, namkumbuka.

Patrick McGoohan, aliyeigiza Namba Sita, ndiye pia aliyekiandika na kukiongoza kipindi hicho. Kwangu ndicho bora kuliko vyote 17.

Kipindi cha mwisho mjomba alikataa kukiweka, akidai kinaudhi. Nikaazima diski, nikakitazama chumbani kwangu. Namba Moja, bosi wa Kijiji asiyeonekana, alipovuliwa barakoa na sura ikawa ya Namba Sita mwenyewe, nilimpigia mjomba usiku uleule, tukabishana mpaka salio likaisha.