Siku Moja Maishani Mwangu: Nondo, Mitego na Sisimizi Waizi

Saa 12 asubuhi, Bagira, mjini Bukavu, Kongo. Mimi ni agronomu, nakagua mitego ya nondo kwenye mashamba ya mahindi. Kabla ya chai natoa raba za harufu, chambo cha mitego hiyo, kwenye frigo, maana zikikaa kwenye joto zinaisha nguvu upesi. Saa 1 niko juu ya pikipiki kuelekea mashamba ya Kabare, nje ya mji. Matope, kama kawaida.

Saa 3, shamba la kwanza. Mtego ni ndoo yenye funeli ya njano na kifuniko cha kijani, umening'inizwa mita moja na nusu kutoka chini. Raba iliyo ndani inanuka kama nondo jike wa viwavijeshi, waharibifu wa mahindi, wale waliotoka Amerika na kuripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Madume peke yao ndio wanaoingia. Majike wanabaki nje wakitaga, kwa hiyo ndoo haiokoi mahindi. Inatuambia tu kwamba nondo wamefika, tuanze kukagua majani. Hilo nalirudia kila shamba, na bado kuna wanaoniomba ndoo ya pili "ili dawa itoshe".

Nafungua: mabawa matupu! Sisimizi wameteremka kwa kamba, wamekula miili na kuacha mabaki. Nayamwaga kwenye karatasi, natenga mabawa ya mbele yenye doa jeupe nchani, nahesabu, nagawa kwa mbili, maana kila nondo ana mabawa mawili ya mbele.

"Agronomu, hao sisimizi si tuwapulizie dawa?"

"Hapana, mama. Haohao wanapanda juu ya mahindi yako kubeba mayai ya nondo na viwavi wadogo."

Napaka grisi kwenye kamba, nakata jani lililogusa ndoo. Basi.

Saa 7, bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Mwenzangu anauliza kama hakuna harufu ya kufukuza sisimizi. Ya kufukuza sijui, lakini ya kuwapoteza ipo. Sisimizi wa Argentina, mvamizi sugu katika nchi nyingi, hufuata njia ya harufu waliyoiacha wenzake. Japani na New Zealand watafiti wametandaza harufu hiyo, ya kutengenezwa, kwa wingi hadi njia ikawa kila mahali. Vibarua, yaani sisimizi wanaotafuta chakula, wakashindwa kuifuata. Ila malkia bado wako kiotoni, ndiyo maana wengine huongeza chambo chenye sumu. Kwa mvamizi, sawa. Hawa wa Kabare wako kwao, tena wanatufanyia kazi bure.

Saa 9, mtego wa mwisho, raba mpya. Navaa glavu, kwani harufu ikishika vidole nitaihamishia kila nitakachogusa. Ya zamani naifunga kwenye mfuko na kuondoka nayo. Ukiitupa shambani itaendelea kuita madume na hesabu yako itavurugika.

Saa 12 jioni naandika ripoti. Fomu haina nafasi ya nondo walioliwa, nimechora safu yangu kwa kalamu pembeni. Mkubwa wangu hapendi fomu zilizochorwachorwa. Atazoea, maana bila safu hiyo shamba la kwanza lingesomeka sifuri. Dereva wa pikipiki ameahidi kuniletea grisi zaidi kesho kutoka kwa fundi wake.