Nimetoka Kolo, magoti bado yanalalamika

Jamani, ndiyo kwanza nashuka kutoka kwenye michoro ya miambani Kolo, Kondoa. Vumbi mpaka kwenye nyusi.

Hii barabara ya Dodoma kwenda Babati wengi tunaipita tukiwa tumesinzia kwenye basi. Kumbe vilima vya pembeni ni Urithi wa Dunia tangu 2006!

Twiga wapo, pofu wapo, wanapendeza.
Ila mimi nimegandishwa na kipande kimoja tu.

Watu wembamba, warefu kupita kiasi, wa rangi nyekundu. Wa katikati kashikwa mikono. Wawili wanamvuta huku, wawili kule.

Mary Leakey, yule mwanaakiolojia aliyenakili michoro ya huku mwaka 1951, alisema huyo ni mwanamke anatekwa. Watafiti wengine wakaja kupinga: hiyo ni ngoma ya tiba, mtu kapandisha na wenzake wanamshika.

Mimi niko upande wa ngoma, tena bila kusita. Nimekulia nyumba ya bibi mwenye ngoma zake, ushikaji ule naujua. Mkono unabana lakini hauumizi.

Na kijana aliyetuongoza anasema hadi leo wapo wanaopanda huku kutambika, kuomba mvua na uponyaji. (Halafu kuna mtu kakwaruza jina lake pembeni ya mchoro. Sina la kusema kwa huyo.)

Haya, nyie mnaonaje, anatekwa au kapandisha? Picha naziweka kwenye maoni mtandao ukishika.