Siku 2500 na 1500 Zilipozaa 25001500

Mpwa wangu alinijia jioni moja na programu yake ya kwanza ya Ruby, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, aliyoiandika ili ajumlishe mauzo ya maandazi ya mama yake, ya asubuhi na ya jioni. Aliingiza 2500, kisha 1500, na kompyuta ikamjibu 25001500. "Mjomba, hii haijui hesabu," aliniambia, machozi yakimlengalenga.

Sikumsahihishia papo hapo, kwa sababu naamini kwamba anayeanza akipewa mstari uliokwisha kurekebishwa hujifunza kunakili tu. Nilimwomba afungue irb, ambamo Ruby hujibu kila mstari mara unapobonyeza Enter, aandike "2" + "2" kwa alama za kunukuu, kisha 2 + 2 bila alama hizo. La kwanza lilileta "22", la pili 4. Alinyamaza, halafu akauliza kama yanayotoka kwenye kibodi nayo huingia na alama za kunukuu. Ndivyo hasa: gets, agizo la Ruby la kusoma kinachoandikwa kwenye kibodi, hupokea kila kitu kama maandishi, hata yakiwa tarakimu tupu, na ni juu ya mwandishi wa programu kuyageuza kuwa namba, kwa mfano kwa to_i.

asubuhi = gets.to_i
jioni = gets.to_i
puts asubuhi + jioni

Jumla ikawa 4000. Hata hivyo to_i ni mpole kupita kiasi: ukiandika 2,500 kwa mkato, kama tuandikavyo daftarini, husoma 2 na kuishia hapo bila kulalamika. Kwenye hesabu za fedha napendelea Integer(gets), ambayo hukataa ingizo kama hilo na kusimamisha programu.

Kisha akagawanya 4000 kwa watu 3 wanaosaidiana katika biashara hiyo, akapata 1333. Namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, Ruby hutoa namba nzima. Angeweza kuandika 3.0 apate desimali, lakini desimali za kompyuta ni za kukadiria, kiasi kwamba 0.1 + 0.2 huleta 0.30000000000000004. Yukihiro Matsumoto, Mjapani aliyeitoa Ruby kwa umma mwaka 1995, aliiunda hivi kwamba hata namba huweza kuagizwa kazi. Basi tukaandika 4000.divmod(3), ikarudisha [1333, 1], yaani fungu la kila mmoja na baki.

Mstari wa mwisho aliuandika peke yake: ile shilingi 1 iongezwe kwenye fungu la mama.